Sista Mwanaheri na Maswali ya Tabia

Tarehe 30 Juni 1996, Sista Mwanaheri Mkumba anastaafu baada ya miaka thelathini na mitatu ya kuuguza, ishirini na miwili kati yake akiwa nasi hapa kituo cha afya Kibiti. Wapo kina mama wa mji huu aliowapokea wakizaliwa, na sasa amewapokelea watoto wao.

Alianzia Utete kama mhudumu wa wodi, akasomea uuguzi na ukunga, kisha akahamishiwa kwetu mwaka 1974. Wanaomjua kwa mbali humwogopa. Sauti yake humsimamisha mtu aliye ng'ambo ya barabara, na muuguzi asiyenawa mikono asitegemee kuitikiwa salamu. Mama akishikwa na uchungu, sauti hiyohiyo hushuka hadi ukadhani ameingia mtu mwingine.

Iko kazi ambayo hakuna aliyemwajiri kuifanya, ya kuwaandaa watu kwa usaili wa kazi, nayo ndiyo iliyompa jina hadi Ikwiriri na vijiji vya bondeni. Mwaka 1989 yeye mwenyewe aliitwa kwenye usaili wa kupandishwa cheo. Maswali ya kazi aliyajibu yote. Alipoulizwa udhaifu wake, akasema hana. Cheo akapewa mwingine. "Nilijinadi kama mtu anayeuza kitanda," hutusimulia huku akicheka. "Kila mguu mzima!"

Ajira za serikali zilipopungua na zahanati za watu binafsi zikaanza kufunguliwa, vijana wenye vyeti walianza kumfuata. Habari za dawa na vidonda walizijua. Kilichowaangusha ni kuulizwa wao ni watu wa namna gani. Jumamosi baada ya kazi aliwakalisha kwenye benchi la kliniki, naye akajifanya mgonjwa mkorofi. Siku moja aligomea sindano ya kuigiza kwa matusi makali, mpaka bibi mmoja aliyekuja kumwona mjukuu wake akaingilia kati, akimsihi msichana aliyekuwa akifanya zoezi: "Msamehe, mwanangu, si yeye huyo, ni homa."

Kwa Saidy Ngatoka haikuwa mchezo. Saidy alikuwa mhudumu wetu wa wodi, mtu mpole wa maneno machache. Mwaka 1993 alipunguzwa kazini pamoja na wengine, nyumbani kukiwa na mke na watoto wadogo. Aliomba kazi kwenye zahanati moja, akaenda na majibu aliyoyakariri: mvumilivu, mwaminifu, mchapakazi. Wakamwambia wote waliotangulia wamesema hayohayo. Alirudi akiwa amevunjika moyo, akamwambia mkewe wauze mbuzi waondoke.

Sista alipopata habari alimfuata hadi kwake.

"Sifa ziache," alimwambia. "Nieleze jambo ulilolifanya."

"Sista, mimi nilikuwa nafagia na kuogesha wagonjwa tu."

"Haya, nieleze ulivyowaogesha."

Walikaa uani mpaka adhana ya alasiri. Saidy alisema kidogo, Sista akauliza tena, mkewe naye akakumbushia.

Wiki iliyofuata zahanati mpya ya Ikwiriri ilimwita. Daktari aliyeongoza usaili alimuuliza angefanya nini mgonjwa akimkataa. Saidy akamsimulia habari za Bi. Biasha, mama mtu mzima wa Chumbi, aliyekataa katakata kuogeshwa na mwanamume, na siku hiyo wodini hakukuwa na muuguzi wa kike wa kumsaidia. Saidy hakumlazimisha. Alikwenda wodi ya watoto akamwomba mama mmoja amwogeshe bibi, yeye akachota maji na kukaa nje na mtoto wa yule mama.

"Na mtoto alitulia?" daktari akauliza.

"Alilia sana, daktari. Nikamwimbia. Kuimba sijui, akazidi kulia."

Jopo zima likacheka, na kazi akapata. Jioni Saidy aliposhuka kwenye basi, alikwenda kwanza wodi ya wazazi kumpa habari Sista, ndipo akaenda kwake. Tulimwona Sista akigeukia ukutani, akijifuta macho kwa ncha ya kitambaa cha kichwani, kisha akatugombeza kwa kusimama bila kazi.

Leo wanafunzi wake wa lile benchi wanauguza Utete, Ikwiriri na hata Dar es Salaam. Muzdalifa, tunayefanya naye kazi hapa, ni mmoja wao. Wengine hawakupata kazi, nao Sista hakuwaacha. Aliwaita tena Jumamosi iliyofuata.

Sasa anakwenda Chumbi kulima mpunga, kule bondeni ambako mto hufurika. Anasema anataka kulala usiku kucha bila kugongewa mlango, nasi tunamwombea alipate hilo, ingawa wajawazito wa Chumbi tayari wameanza kuulizia nyumba yake.

Sista Mwanaheri, ahsante kwa mikono yako, na kwa ukali uliotufanya wauguzi. Mungu akujalie afya, mpunga uliojaa ghala, na mafuriko yenye adabu.