Jitu la Zuhura, Fupi na Ndefu

Benchi la Alidu ni kiti cha nyuma cha basi lililokufa zamani. Limepandishwa juu ya matofali pale Suame, mjini Kumasi, karakana zinapokoma na kanisa la bati linapoanzia. Katikati pana springi iliyotoboa kitambaa, kwa hiyo wazoefu hukaa pembeni na katikati wakamwachia mgeni ajionee. Alidu mwenyewe, muuza chai, ni mtu wa Tamale, hana maneno mengi. Anamimina Milo, anamimina majani, anamimina kahawa ya kopo na maziwa mazito, na vyote hivyo watu wa Kumasi wanaviita chai. Alasiri ile mafundi walikuwa wameanza kuweka spana chini, na kijiweni kesi ilikuwa ileile ya wiki nzima: Jumamosi ioneshwe filamu ya Jitu la Zuhura ipi, Fupi au Ndefu?

Mzee Gyamera aliishika bilauri yake kwa mikono miwili. Funguo za ukumbi wa video zilikuwa mfukoni mwake, na ukumbi ulikuwa haujafunguliwa tangu watu waanze kutazama muvi kwenye simu. Jumamosi ungefunguliwa kwa heshima ya Tawia, aliyekaa benchi hili miaka na miaka, na aliyekuwa ndani ya lile jitu filamu ilipopigwa hapahapa Suame. Sasa ametimiza mwaka kaburini. Gyamera alitaka Fupi, kufa na kupona. Wenzake walidhani ni maringo, kwa kuwa Fupi aliikata mwenyewe kwa deki mbili za video ili iishe kabla mafuta ya jenereta hayajaisha. Maringo yalikuwepo, tusidanganyane. Lakini ndani ya Ndefu kilikuwemo kipande kimoja ambacho Tawia, angali hai, alimwomba akitoe kisionekane na mtu, naye akampa neno lake. Hilo hakuwahi kumwambia yeyote.

— Ndefu! — alisema Sehemu ya Pili, muuza taa za magari yaliyopata ajali. Jina hilo alilipata kwa sababu hakuna muvi aliyokubali kwamba imekwisha. — Kaseti mbili kamili ninazo nyumbani, nimezifunga kwenye plastiki. Marehemu alicheza yote, aoneshwe yote. Mnataka kumzika mara ya pili nusunusu?

— Ndefu ina nini cha maana? — Gyamera aliuliza. — Kuna mchungaji anaomba mle ndani, nilisema amina, nikaenda kujisaidia, nikanunua maji, nikarudi, bado anaomba. Jitu lenyewe limesimama linamsubiri!

— Ndiyo adabu hiyo! Jitu lina malezi!

— Jitu la kutisha halina malezi, bwana. Hofu inataka haraka. Kwenye Fupi linatoka kwenye shimo la oili, linameza fundi, basi. Watu wanapiga kelele, jenereta linazima, kila mtu anaenda kwake anaogopa choo.

— Na hujui limefuata nini! — Sehemu ya Pili alisimama kabisa. — Kwenye Ndefu unaelezwa. Chombo chake kimekufa plagi huko angani. Ndiyo maana likatua Suame. Ulitaka litue wapi, Accra? Accra nani angelitengenezea?

Hapo hata Alidu alicheka. Hoja ilikuwa na uzito, hakuna aliyeweza kuikana.

Damu Nyingi, mchora mabango, aliweka mkate wake magotini. Vidole vyake havikuwahi kutakata rangi nyekundu, maana kila bango alilimwagia damu hata kama muvi ni ya harusi.

— Nyie wote mnabishania vivuli, — alisema. — Muvi yenyewe ni lile bango langu. Fupi imekata, Ndefu nayo imekata. Vichwa vinne viko wapi? Ndege inayotafunwa iko wapi?

— Ndege uliitunga wewe! — Gyamera alimgeukia. — Watu walinishika shati mlangoni: mzee, ndege yetu iko wapi? Mpaka nikawaambia imechelewa Abidjan.

— Nilichora kabla hawajapiga picha. Wao ndio walioshindwa kunifuata.

— Acha fiksi wewe.

— Fiksi? Muulize Mama Dufie hapo, jitu alilishona yeye.

Mama Dufie, mshonaji wa upande wa pili wa barabara, alikuwa akingoja zamu hiyo. Yeye ndiye aliyelishona jitu kwa godoro kuukuu na turubai la lori, akalitia mipira ya matairi iwe mishipa.

— Nilishona majitu mawili, — alisema polepole, ili kila mtu amsikie. — Moja dume, moja jike. Kwenye Fupi mnamwona dume. Kwenye Ndefu ni jike. Tazameni mwendo wake.

— Mama, ni Tawia yuleyule!

— Ni Tawia ndani ya jike. Mimi ndiye niliyempima kiuno, utaniambia nini? Na iko ya tatu, wameificha Ulaya. Humo dume na jike wanakutana, wanafunga ndoa, na mchungaji ni yuleyule.

— Hapo sasa maombi yake yana kazi, — Damu Nyingi alikubali.

— Mnacheka, — Sehemu ya Pili alisema, akashusha sauti. — Niwape siri. Ndefu inazidi kurefuka. Naapa. Tulipoinunua ilikuwa inaisha kabla wali haujaiva. Krismasi iliyopita wali uliiva, tukala, tukaosha vyombo, jitu bado linatafuta plagi.

— Ni umeme wako mdogo! — Gyamera alimkatiza. — Deki inajivuta!

— Basi na jike limeota ndevu, ni umeme?

— Hiyo ni kazi ya panya! — Mama Dufie alipiga kelele. — Lile godoro lilikaa stoo, panya wakalila, na waliolila mimi nimewaona, wamekuwa wakubwa kama mbuzi. Wanatembea wima. Siku moja mmoja alinisalimia.

Vicheko vilikuwa bado havijapoa mwanamke mmoja alipokatiza kutoka upande wa kanisa, kavaa kitambaa cheusi na viatu vya safari vyenye vumbi. Alianza kusalimia kulia, akampa kila mmoja mkono mpaka mwisho wa benchi, kama alivyofunzwa mtu mwenye kwao. Alikuwa na macho ya Tawia, na wote waliliona jambo hilo kwa pamoja.

— Shikamooni, wazee wangu. Mimi ni Pokuaa, bintiye Tawia. Nimeingia sasa hivi kutoka Takoradi. Nimeambiwa mambo ya Jumamosi yanapangwa hapa.

— Marahaba, mama, karibu, pole na safari! — Mama Dufie alimsogezea nafasi, na nafasi hiyo ilikuwa ya katikati. Gyamera alimwahi. Aliinuka, akampa nafasi yake ya pembeni, akaenda yeye kukalia springi. Alidu akamletea bilauri bila kuulizwa.

— Nasikia ziko mbili, — Pokuaa alisema. — Fupi na Ndefu.

— Ehee! — Sehemu ya Pili alisogea. — Sasa wewe ndiye utakayetuamulia, mwanangu. Mimi nasema Ndefu.

— Mimi sijui habari za muvi, mzee. Mama alinibeba kwenda kwao nikiwa nanyonya. Baba nimeonana naye mara za kuhesabu, na mwanangu hakumwona kabisa. Picha tuliyonayo ni ile ya kadi ya kura, amekunja uso kama amemeza dawa. Mtoto ananisumbua: babu alikuwa anachekaje? Nikamwambia twende Kumasi, babu yako yumo kwenye muvi. Nimemwacha pale kanisani, amelala. — Akawatazama mmoja mmoja. — Basi naomba mnijibu hilo tu. Katika hizo mbili, ni ipi uso wake unaonekana?

— Ndefu, — Sehemu ya Pili alisema upesi. — Lazima Ndefu. Pale... pale sokoni Kejetia.

— Pale amevaa kichwa, — Mama Dufie alisema. — Nilikishona, najua.

— Pale kwenye shimo la oili basi.

— Kichwa.

— Anapokufa!

— Anakufa nacho. Uliwahi kuona jitu linavua kichwa ili life vizuri?

Damu Nyingi alifungua mdomo, akakumbuka kwamba hata bango lake lilikuwa na vichwa vinne na hakuna hata kimoja cha Tawia, akaufunga. Watu hawa waliijua filamu ile kuliko majina ya wajukuu wao, wangeweza kukuigizia honi zake na radi zake, na swali la binti wa mwenzao likawashinda. Aibu iliwashika waziwazi. Pokuaa naye alitikisa kichwa kidogo, akajaribu kutabasamu.

— Si neno, wazee wangu. Mtoto nitamwambia babu ndiye lile jitu. Atafurahi tu.

Gyamera alisikia springi ikimchoma na hakusogea. Neno alilompa Tawia lilikuwa pale kifuani, limekaa siku zote hizo bila kumsumbua, na sasa lilimsumbua. Akinyamaza, atakuwa amemlinda rafiki yake. Lakini atakuwa amemlinda asionwe na nani? Na mjukuu wake!

— Anaonekana, — alisema. — Getini.

— Getini wapi?

— Kwenye Ndefu. Lile gari la tajiri linapopiga honi getini.

— Aa, mzee, pale! — Sehemu ya Pili alishangaa. — Pale hakuna kitu! Honi, mlinzi anatafuta ufunguo, geti linafunguka, gari linaingia, geti linafungwa. Mimi pale huwa napeleka mbele.

— Wewe? Wewe wa Ndefu?

— Kila mtu hupeleka mbele pale! Mama Dufie, wewe je?

— Mimi naenda kugeuza samaki, — Mama Dufie alikiri.

— Basi mimi niliyeikata ndiye niliyeitazama yote, — Gyamera alisema. — Nilipokuwa nahamisha kanda kwenye deki, niliipitisha na kuirudisha. Geti linapofunguka, nyuma ya nguzo kuna tairi. Tawia amekalia tairi. Jua kali, kichwa cha jitu amekivua, kiko chini, mikono ya godoro iko chini. Hajui kama kamera inamfikia. Anamega donge la kenkey ya mahindi, anakula na samaki. Kuna mtu anamtania, simuoni, na Tawia anacheka, mdomo umejaa, anacheka mpaka pilipili inampalia. Anajipiga kifua, anaendelea kucheka. Kisha geti linafungwa.

Pokuaa alikuwa ameshika mdomo.

— Sasa kitu kizuri hivyo ulikikata kwa nini? — Damu Nyingi alimkemea. — Jenereta?

— Aliniomba mwenyewe. Alikuja asubuhi, kabla hatujaionesha mara ya kwanza; waliopiga picha walikuwa wameshamwonesha. Akaniambia, kaka, lile la getini litoe. Nikamwuliza kwa nini, akasema nilitazame vizuri. — Gyamera alimgeukia Pokuaa. — Mwanangu, anakula kwa mkono wa kushoto.

Mama Dufie alisahau kumeza. Kwa kushoto! Mkono ambao mtoto wa Kumasi huchapwa akiutumia hata kumwonesha mtu njia, sembuse kutia kwenye bakuli.

— Ndiyo maana, — Mama Dufie alisema baadaye, taratibu. — Hakuwahi kula na sisi. Hata siku moja. Ukimkaribisha: nimeshakula, mama. Nimetoka kula sasa hivi. Anakunywa chai yake kwa kulia, anaondoka. Na mimi nikasema anaringa! Nikamsema mpaka kwa wifi yangu!

— Sote tulisema, — Damu Nyingi alijibu. Aliutazama mkate magotini mwake, hakuugusa tena.

— Nilimpa neno langu, — Gyamera alisema. — Ndefu ikioneshwa Jumamosi, ukumbi mzima utamwona. Ndiyo sababu nilishikilia Fupi. Sasa nimeshalivunja, na wewe ndiwe mwenye baba. Ukisema ibaki Fupi, ibaki.

Pokuaa aliiweka bilauri chini.

— Mwanangu anakula kwa kushoto, — alisema. — Kila siku namchapa. Leo kwenye basi nimemchapa. Namuuliza, umelitoa wapi wewe jambo hili? Kwetu nani anakula hivyo?

Machozi yalimtoka, na hakuyafuta, wala hakuna aliyemwambia anyamaze. Mama Dufie alimshika bega. Alidu alikuja na birika kumwongezea kahawa, akaliinamisha, yakatoka matone matatu manne na majimaji ya maziwa. Akaangalia ndani, akalifunika.

— Imekwisha, — alisema.

Sehemu ya Pili alikuwa amesimama tayari, anajipapasa mifuko kama kaseti zimo humo.

— Nakwenda kuzileta sasa hivi! Ni kaseti ya pili, hapo mwanzoni kuna yule mchungaji. Nikusaidie, mzee Gyamera? Nimpeleke mchungaji mbele, tufike getini upesi, mtoto asichoke?

— Hupeleki kitu mbele, — Gyamera alisema. Aliinuka kwenye springi, akatoa funguo za ukumbi mfukoni, akaziweka kwenye kiganja cha Pokuaa. — Jumamosi mchungaji aombe mpaka amalize. Honi ipigwe. Na mtoto akae mbele kabisa, na kenkey yake mkononi, mkono anaoutaka yeye.