Ukurasa wa Fundi

Benchi lilikuwa kati ya kibanda cha kinyozi na duka la fundi cherehani. Mguu wake mmoja ulikuwa umewekewa tofali, na wenyeji walijua pa kuweka uzito. Alasiri hiyo fundi alitoka dukani, akakaa bila kusalimia mtu. Futi ya kupimia ilikuwa bado inaning'inia shingoni, na mkononi alishika simu isiyo yake, yenye kava la maua. Kinyozi aliiona kwanza, kwa kuwa hakuwa na kichwa cha kunyoa. Dereva wa lori, aliyekuwa akingoja gari lake litoke gereji, aliiona wa pili. Muuza kahawa, waliyemwita Redio kwa sababu tangu wamjue hajawahi kuzimika, alimimina kikombe akamsogezea fundi, kisha kwa mara ya kwanza maishani mwake akanyamaza.

– Si ya binti yako hiyo? akauliza kinyozi.

– Ya binti.

– Umemnyang'anya mtoto wa chuo simu, Fundi? Likizo yenyewe ndiyo hii?

– Sijamnyang'anya. Nimeichukua, naye akaniangalia tu.

Fundi akanywa kahawa, akawaeleza. Binti yake alijiunga na kundi la wapenda vitabu huko mtandaoni, wanaliita ukumbi. Yeye mwenyewe alifurahi, akawa anamtolea hela ya bando bila kununa. Ukumbi huo una desturi yake: anayeingia haulizwi jina wala kwao. Hodi yake ni kusoma ukurasa mmoja kwa sauti, ukurasa wowote, akajirekodi na kuutuma.

– Juzi nikamsikia chumbani anasoma, akasema fundi. Nikasukuma mlango nimwite tule. Nikamkuta kakaa kitandani, kinywa kakifumba. Sauti yake inatoka humu.

– Si ndiyo hiyo aliyojirekodi, akasema dereva.

– Nami nilidhani hivyo. Nikamuuliza, huu ulisoma lini? Akatikisa kichwa. Hajausoma. Toka hapo hajatamka neno. Ukimwita anakuja, ukimtuma anakwenda. Mama yake anasema ni koo, anampa maji ya moto. Mimi nataka niivunje hii simu. Ila mkono unakataa. Nikivunja, na sauti ya mwanangu je, kama imo humu?

Hapo Redio akawaka.

– Mpeni kinyozi nafasi aseme kwanza, maana yeye ndiye mwenye televisheni.

– Ni mashine hizo, akasema kinyozi. Siku hizi ukisema neno moja, mashine inakuiga mpaka kikohozi. Mtoto kashtuka, basi. Atazoea.

– Mashine inaiga, haichukui, akasema Redio. Mimi nikuulize wewe, umewahi kuona mtu kafa akiwa amemaliza vitabu vyake vyote? Hakuna. Kila mtu anakufa kaacha kimoja katikati. Sasa hao wote wako wapi? Ndio hao wa ukumbini! Hawana jina, hawana kwao. Wanatafuta mtu wa kuwamalizia.

– Toka hapa, akasema kinyozi.

– Haya, uliza humo nani kapika nini leo, uone kama watakujibu.

Dereva alikuwa hasomi chochote isipokuwa vibao vya barabarani, na labda ndiyo maana aliwaza mbali kuliko wote.

– Mnahangaika na watu, akasema polepole. Humo hamna watu. Kimo kitabu peke yake. Kitabu hakina kinywa, jamani. Kinataka kusikika, kifanyeje? Kinaazima.

Kinyozi akaomba simu, akabonyeza. Sauti ya binti ikatoka, safi, bila haraka, kama mtu aliyekaa nao benchini:

"Nyumba ile ilikuwa na vyumba vitatu, na kila mtu alikuwa katika chumba chake. Walijuana kwa hatua. Huyu akikohoa, yule alijua yupo."

Kinyozi akazima.

– Samahani.

Alikuwa mama mmoja aliyekuja kuchukua gauni lake. Alikuwa amesimama mlangoni mwa duka, na hawakujua tangu saa ngapi.

– Kabla binti hajanyamaza, akamuuliza fundi, alikuwa anazungumza nini na wewe?

– Tunazungumza sana, akasema fundi. Namwambia chakula tayari. Namwambia azime taa. Namuuliza chuo vipi.

– Hayo ya kwako, baba. Yeye alikuwa anakwambia nini?

Fundi akafungua kinywa. Akaitazama kahawa. Akawatazama wenzake, mmoja mmoja, kana kwamba kati yao yupo aliyemshikia jibu. Redio akaanza kupangusa vikombe ambavyo ni vikavu.

Wakati huo binti mwenyewe alikuwa anavuka barabara, kanga begani. Akaja hadi mbele ya benchi, akaamkia kwa kuinamisha kichwa. Hakuomba simu.

– Mwanangu, akasema fundi. Hicho kitabu chenu kinahusu nini?

Midomo ya binti ikacheza. Jibu likatoka mkononi mwa kinyozi.

– Kinahusu watu wa nyumbani, baba. Hakijaisha. Ninataka kutoka, lakini kila nyumba ina msomaji mmoja. Hawamwachii mpaka aingie mwingine wa nyumba yake.

Kinyozi nusura aiangushe simu.

– Fundi, usithubutu, akasema dereva. Nakuambia kama ndugu yako.

Fundi akaweka kikombe chini. Akavua futi shingoni, akaikunja vizuri, kama afanyavyo akifunga duka.

– Nipeni chochote chenye maandishi.

Kinyozi akampa gazeti la zamani alilowawekea wateja. Ilikuwa habari ya daraja linalokarabatiwa. Fundi hakuwa amesoma kwa sauti tangu akiwa shuleni. Alisoma kwa kujikwaa, kidole kikifuata mistari, huku kinyozi amemshikia simu karibu na kidevu. Alipofika mwisho wa ukurasa, kinyozi akautuma ukumbini.

Binti akakohoa.

– Baba, akasema, kwa kinywa chake.

Halafu akasema yote, amesimama palepale mbele ya watu. Kwamba chuoni analala chumba kimoja na msichana asiyemsemesha. Kwamba masomo aliyochaguliwa hayataki, hajui alikuwa anamwogopa nani kusema. Kwamba alijiunga na ukumbi kwa kuwa huko, ukisoma, watu hukaa kimya wakakusikiliza mpaka mwisho. Alilia, akajipangusa kwa kanga, akaendelea.

Fundi alikuwa amemshika mikono yote miwili. Hakuondoa macho usoni mwake. Binti alipotua kuvuta pumzi, midomo ya baba yake ikafunguka.

– Endelea, mwanangu, ikasema sauti ya fundi, pale mkononi mwa kinyozi. Nakusikia.

Na kinyozi, ambaye wateja walikuwa wameanza kujaa kibandani kwake, hakuthubutu kuiweka simu chini.