Scovia na Keke ya Baba Yake

Ndugu mliokuja kutufariji, amahoro. Mimi ni Leonidasi, mdogo wake marehemu, na familia imeniomba niwasomee maisha yake.

Dada yetu Scovia alizaliwa Kigwena tarehe 3 Februari 1961, mtoto wa kwanza wa Melkiades, fundi wa maboti, na mama Kornelia, akasoma shule ya msingi hapa Rumonge hadi mauaji ya 1972, tulipokimbilia Tanzania bila baba, ambaye aliuawa huku nyuma na nyumba yetu ikaporwa. Ukimbizini alijifunza kushona, na tarehe 14 Agosti 1982 akafunga ndoa na mwalimu Dismasi, wakajaliwa watoto wawili, Joanita na Niyonzima. Walirudi mwaka 2008, akafungua chumba cha ushonaji karibu na soko, ambamo wengi wenu mmevalishwa.

Sasa nasema jambo ambalo wengine walitaka nilipite, kwa kuwa msiba una heshima yake, lakini uchafu ukifunikwa hunuka zaidi.

Julai 2019 Joanita alimpeleka Bujumbura kwenye maonyesho ya vitu vya kale, na huko, mezani kwa mchuuzi aitwaye Roger, akakuta keke ya mkono, chombo cha fundi cha kutobolea mbao, yenye mipini miwili inayotazamana, kando yake kibao kikisema ilitumika kutoboa mafuvu ya watu enzi za wakoloni, na vijana wakilipa wapigwe picha ncha yake ikiwa kwenye paji la uso, wakicheka. Scovia alitoka nje akatapika.

Aliporudi alishika mpini mmoja, wa mti wa mpera, mfupi kuliko mwenzake, ambao baba aliuchonga ulingane na mkono wa mtoto, maana yeye na Scovia walikuwa wakikaa uso kwa uso, wakizungusha pamoja, wakitoboa mbao za boti.

"Keke hii ni ya baba yangu," alimwambia Roger. "Imetoboa mbao tu. Ondoa hayo maandishi."

"Mama, nikiandika mbao, nani atasimama hapa?" Roger akajibu kwa Kiswahili cha mtaani. "Batu banapenda damu. Kama iko yako, nunua."

Kununua kilichoporwa kwetu, kwa mtu anayekipaka uongo, kulimkirihi. Alivuta kiti akakaa mbele ya meza, akamweleza kila aliyefika ni mkono wa nani ulioshika keke ile na jinsi baba alivyouawa, hadi vicheko vikakoma, na Roger, hasira zimemjaa, akaitupa miguuni pake.

"Chukua takataka yako, uende!"

Scovia aliipeleka kwa Hamidu, fundi wa maboti wa Kabonga, aitumie.

Aliugua ini tangu 2023, akafariki asubuhi ya tarehe 9 Machi 2025. Na jana, mwili ukiwa bado haujafika nyumbani, Roger alimtuma mtu kuuliza kama sasa tuko tayari kuuza keke, pamoja na picha ya marehemu. Jibu letu ni hili: keke iko kazini, uso wa dada yetu hauuzwi, na wewe uliyetumwa, kama bado umo uani humu, utoke kabla hatujabeba jeneza.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliokesha nasi, na mafundi cherehani wenzake walioshona sanda yake kwa mikono yao, murakoze cane.

Dada, ulitulea ugenini na hukumruhusu mtu atudharau, mengine tutayabeba sisi, wewe pumzika kwa amani.