Rubani Agneta Mulongo na Kiti cha Pacha Wake

Wachungaji, wazee wa Bumula mliotoka mapema, majirani wa hapa Kitale, na wewe mama yetu Wilkista, poleni. Leo ni tarehe 2 Septemba 2006, na niliyepewa kusoma ni mimi Mukhwana Barasa, pacha wa marehemu. Karatasi mlizonazo ziliandikwa na kamati, nami nitazifuata, isipokuwa mstari mmoja wa mwaka 1977, ambao nikiufikia sitauacha ulivyo. Mtanivumilia, maana tangu Alhamisi ile nimekufa ganzi, hata chai naimeza bila kujua kama ina sukari.

Agneta Mulongo Wanyoike alizaliwa tarehe 14 Agosti 1955 nyumbani Bumula, mtoto wa pili wa marehemu Mzee Barasa na Mama Wilkista, akimfuata kaka yake kwa muda mfupi tu, na kwa desturi yetu Wabukusu, wa kwanza akaitwa Mukhwana, wa pili Mulongo, wakavishwa nguo za sare, na hakuna aliyenunuliwa hata kalamu kabla ya mwenzake kununuliwa yake, kwa sababu nyumbani tuliambiwa pacha akila peke yake mwenzake hunyauka.

Aliingia shule ya msingi Bumula mwaka 1962, akafanya mtihani wa darasa la saba mwaka 1968, akasoma shule ya upili ya wasichana mjini Bungoma kuanzia 1969 hadi 1972, na kila muhula alimshinda kaka yake hesabu, jambo ambalo kaka yake alilijua na hakulipenda hata kidogo. Mwaka 1974 aliajiriwa kupiga chapa katika ofisi moja Nairobi.

Oktoba 1976 Mukhwana alipata nafasi ya kusomea urubani huko huko Nairobi, Bumula nzima ikafanya harambee, baba akauza ng'ombe, akina mama wa kanisa wakaleta kuku, na siku ya safari kijana akasindikizwa kwa nyimbo hadi stesheni ya Bungoma, amevaa tai ya kuazima. Sasa karatasi inasema hivi: Januari 1977 kaka yake alikataliwa na madaktari kwa ubovu wa macho, naye Agneta akachukua nafasi yake.

Huo ni uongo. Macho ya Mukhwana hayakuwa na shida, hata leo anawasomea bila miwani. Mukhwana alipanda ndege mara moja tu, tarehe 11 Januari 1977, ndege ikainama upande mmoja, akaona mabati ya nyumba za watu chini ya bega lake, akamng'ang'ania mwalimu mkono, akapiga mayowe, akajikojolea, na waliposhuka akakataa katakata kupanda tena. Jioni alienda kwa dada yake akalia, akamwambia, "Karo haitarudishwa, na ng'ombe za baba zimeenda, si uende wewe?" Agneta alicheka kwanza, akidhani ni mzaha, kisha akasema, "Sawa, nitaenda, na nitanyamaza, lakini siku nikipata leseni uwaambie ukweli nyumbani." Walimu nao walicheka, wakampima, wakaacha kucheka. Leseni aliipata tarehe 9 Juni 1978.

Mukhwana hakusema. Alirudi Bumula akapewa pole, akapewa kazi ya karani kwa chifu, na watu wakasema ati Mulongo amemla pacha wake macho ili akalie kiti chake, naye Mukhwana akayasikia hayo sokoni, kanisani na mezani kwa baba, akainamisha kichwa kama mgonjwa. Wazee wangu, pole ya watu ni tamu, na mimi niliizoea.

Kuanzia 1979 marehemu alinyunyizia mashamba ya ngano dawa kwa ndege, na kuanzia 1984, mwaka ule wa njaa, aliruka kutoka Kitale kwenda Lodwar akibeba madaktari, chanjo na wagonjwa, miaka ishirini, bila kupoteza abiria hata mmoja. Alikuwa mwanamke wa kwanza kutoka kwetu Bumula kurusha ndege, na aliwafundisha wasichana wanne, akiwemo Tabby, yule pale mwenye sare. Mwaka 1981 alipita juu ya boma letu akishuka chini kidogo kutusalimu, watoto wakakimbia nje wakishangilia, na baba akaingia ndani akafunga mlango.

Tarehe 20 Aprili 1985 alifunga ndoa hapa Kitale na Hiram Wanyoike, mkulima, wakajaliwa Bilha mwaka 1986 na Gachanja mwaka 1989. Hiram alileta ng'ombe za mahari Bumula mara mbili, na mara zote mbili baba alizirudisha, akisema, "Siwezi kupokea ng'ombe kwa mtoto aliyemla mwenzake." Mzee alikufa mwaka 1999 na neno hilo mdomoni, na mama hajawahi kukanyaga nyumba ya binti yake, isipokuwa leo.

Machi 2004 alipatikana na saratani ya titi, akaruka mara ya mwisho tarehe 30 Novemba mwaka huo. Tarehe 19 mwezi uliopita nilimtembelea, akaniuliza kitu kimoja tu, "Umeshamwambia mama?" Nikajibu, "Bado." Akaomba uji, akanywa vijiko viwili. Alifariki tarehe 24 Agosti saa nne asubuhi, mimi nikiwa njiani Kamukuywa nangoja gari la kuja huku.

Mama, nimekuambia sasa. Umeinuka, nakuona unaelekea kwenye jeneza, wala sijui utalifanya nini, lakini watu wakupishe. Shemeji Hiram, aliyebaki na fimbo ya Mzee Barasa ni mimi, na mbele ya wazee hawa nasema lango la Bumula liko wazi kwa ng'ombe zako, kwa sababu mtoto wetu hakumla mtu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, marubani wenzake, majirani waliolala hapa wiki nzima, na waumini waliopika. Asanteni, Mungu awarudishie.

Mulongo, nimechelewa miaka ishirini na minane, na hapa nilipo hata machozi sina. Pumzika kwa amani, dada yangu, na hiyo aibu uiache hapa juu, ni yangu.