Picha ya Koko kwenye Pakiti ya Kahawa

Ndugu mwenyekiti, wazee wangu, akina mama na vijana wa umoja huu, naomba mniruhusu nizungumze nikiwa nimeketi. Goti langu la kulia limekataa kunisimamisha tangu juzi. Katibu alinialika nije kuwaeleza jinsi jina la biashara linavyojengwa. Nimeutafakari mwaliko huo wiki nzima, nikaona kwamba jambo ninalolijua kwa hakika zaidi ni namna nilivyolibomoa la kwangu. Basi nitawaeleza hilo. Sitataja jina la mtu yeyote, kwa kuwa baadhi ya wahusika wamo humu ukumbini, na mmoja hayupo tena duniani.

Wengi wenu mnaniita Mwalimu. Nilifundisha historia katika sekondari za mji huu hadi nilipostaafu, kisha nikahamia kwenye shamba aliloniachia marehemu mume wangu, kule mteremkoni juu ya Makumira. Ni shamba dogo la kahawa na migomba. Mimi sikuwa mkulima. Nilikuwa najua kahawa imefikaje katika nchi hii na ilipandwa na nani kwanza, lakini ukiniwekea mbele punje nzuri na punje mbovu, nisingeweza kukuambia ipi ni ipi.

Aliyenifundisha ni jirani yangu. Alikuwa mwanamke wa Kiarusha aliyeolewa mlimani kwa Wameru tangu usichana wake, na kijiji kizima kilimwita Koko, yaani bibi, kwa lugha ya kwao. Kila Jumatano asubuhi wanawake sita au saba walikusanyika kwenye baraza la mmojawapo, kila mmoja na ungo wake, kuchambua kahawa iliyokwisha kukobolewa. Nami nikapewa nafasi, mkekani, karibu na Koko.

"Mwalimu," aliniambia siku ya kwanza, "hiyo umeirudisha kwenye nzuri."

"Ipi, Koko?"

"Hiyo yenye tundu. Mdudu kaingia, kala, kashiba, katoka, na wewe bado unaitazama tu."

Jirani mwingine, mama mwenye sauti kubwa ambaye watoto wake wote walipita mikononi mwangu, akadakia: "Kumbe na mitihani ya wanangu ulikuwa unaisahihisha hivi hivi!"

Walicheka hadi kahawa ikamwagika. Nami nilicheka, na nakumbuka nilijiambia kwamba tangu nimzike mume wangu sikuwahi kucheka kiasi kile.

Sasa, yapo mazoea ya wanawake wale ambayo lazima niyaeleze, maana msipoyajua hamtaelewa kosa langu. Anayekosa Jumatano mbili mfululizo hatumiwi salamu. Anafuatwa. Wote hubeba nyungo zao na kwenda kuchambulia kwake, awe mgonjwa, awe na hasira, awe na uvivu tu. Hawamuulizi sababu. Wanaketi, wanachambua, wanaongea, na akiwa na la kusema atalisema.

Nilianza kuwapelekea rafiki zangu wa mjini kahawa ile, wakaipenda. Nikawasimulia kuhusu baraza, wakaipenda zaidi. Hapo ndipo wazo lilipozaliwa. Nilipanga chumba mjini, mtaa wa Sekei, nikatafuta mashine ya kukaangia, nikachapisha pakiti zenye maneno haya: "Kahawa ya Barazani. Imechambuliwa na majirani walioketi pamoja." Naomba mlishike hili: nilipoyaandika maneno hayo, yalikuwa kweli. Uongo wangu haukuzaliwa uongo.

Maduka yakaitaka kahawa, hoteli zikaitaka. Nikakosa Jumatano moja, kisha ya pili. Na kama ilivyo desturi, Jumatano ya tatu nilisikia hodi mlangoni pale Sekei. Walikuwa wao, nyungo zimefungwa kwenye khanga, viatu vimejaa vumbi, Koko akiwa mbele.

Ndugu zangu, nawaambia kweli, nilifurahi. Lakini sikufurahi kama mtu aliyetembelewa. Nilifurahi kama mtu aliyeokota kitu cha thamani. Badala ya kuketi nao, nilikimbia kumwita mpiga picha wa jirani. Nikamhamishia Koko penye mwanga.

"Koko, geuka kidogo. Cheka."

"Nicheke nini, wakati hujasema kitu?"

Mwenyewe akacheka kwa alilolisema, na kicheko hicho ndicho kilichoingia kwenye picha. Wakachambua kidogo huku mimi nikizungumza na wateja kwenye simu, nikiwa nimesimama. Walipoondoka Koko alinishika mkono.

"Sisi tumekuona, Mwalimu. Wewe utatuona lini?"

"Jumatano ijayo, Koko."

Sikwenda. Jumatano iliyofuata nilikuwa kwa mchapaji, nikisimamia uso wa Koko uwekwe kwenye pakiti mpya.

Pakiti ile ilipendwa kupita matarajio yangu. Watu walisema inawakumbusha nyumbani, hata wale ambao nyumbani kwao hakuna mti wa kahawa hata mmoja. Kazi ikazidi uwezo wa baraza. Nikakodi banda, nikaajiri wachambuaji, na kwa kuwa maongezi yaliwachelewesha, nikapiga marufuku maongezi. Tafakarini jambo hilo. Nje ya pakiti bibi anacheka. Ndani ya banda hakuna anayeruhusiwa kufungua kinywa. Mara nyingi nilisimama katikati ya ukimya ule, punje zikilia kwenye nyungo, nikatamani mtu mmoja tu aniambie nimekosea. Hakuna aliyethubutu. Nilikuwa tajiri wao.

Wanawake wa mlimani walikuwa na kundi lao kwenye simu, nami nilikuwamo. Salamu za asubuhi zilikuwa nyingi, nikazima mlio wa kundi hilo. Nilikusudia kulisoma nikipata nafasi.

Yakaja maonyesho ya wakulima kule Themi. Nilipanga pakiti mezani, nyuso za Koko safu juu ya safu. Akaja mama mmoja, mteja, akaichukua moja na kuitazama kwa muda.

"Huyu bibi yupo kweli, au ni picha tu mmeitafuta?"

"Yupo!" nilimjibu kwa fahari. "Ni jirani yangu wa karibu kabisa."

Nyuma yake alikuwa amesimama mkwe wa Koko, mke wa mwanawe. Sikuwa nimemwona.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu! Hujambo? Koko anaendeleaje?"

Alizitazama zile nyuso zote mezani kabla ya kunitazama mimi.

"Tulimzika, Mwalimu. Jumamosi iliyopita zimetimia wiki tatu."

"Mbona hamkuniambia?"

"Tulikuambia. Alipougua tuliandika kwenye kundi. Alipolazwa tuliandika. Yeye mwenyewe alikuwa anakuuliza."

"Aliuliza nini?"

"Aliuliza kama unaumwa."

Mteja yule aliirudisha pakiti mezani taratibu, uso ukiangalia chini, akaondoka. Nilifunga meza. Nikakaa kwenye boksi nyuma ya banda la maonyesho, nikafungua lile kundi, nikasoma kila kitu tangu mwanzo: salamu, habari za mvua, habari za ugonjwa, zamu za kupeleka maziwa hospitali, zamu za kuni za msiba. Mahali pawili mtu alikuwa ameandika: "Mwalimu, upo?"

Sitawaeleza sana kuhusu siku niliyopanda mlimani kutoa pole. Nilipewa chai, nikakaribishwa kwa adabu zote, na adabu ile iliniumiza kuliko matusi. Familia iliniomba jambo moja, picha iondoke. Nilizunguka duka kwa duka nikikusanya pakiti. Waliokuwa wakinunua kwa ajili ya ule uso waliniacha, banda likafungwa, na jina lile ambalo mnaniambia lilikuwa zuri halikumaliza msimu. Hilo, nawaambia, sikulililia. Nililolililia ni mkeka.

Jumatano nilichukua ungo wangu nikapanda. Walikuwa kwenye baraza la Koko, ambalo sasa ni la mkwe wake. Nikaketi pembeni.

"Mwalimu amekuja kupiga picha?" mmoja aliuliza, bila kuinua macho.

Swali lilikuwa la haki. Hakuna aliyenifukuza, na hakuna aliyenimiminia kahawa ya kuchambua. Niliketi hadi mchana, ungo mtupu mapajani, nikashuka. Jumatano iliyofuata nilifanya vivyo hivyo, na iliyofuata, na nyingine tena. Walizungumza Kimeru, walicheka, nikawa nasikiliza kama msafiri anayesikiliza harusi iliyo nyuma ya ukuta. Nilitamani kurudi pale kuliko nilivyowahi kutamani kitu chochote katika umri wangu huu.

Kisha Jumatano moja, yule mama mwenye sauti kubwa aliusukuma ungo wake kando.

"Mimi nimechoka na ungo mtupu wa huyu mama!" alisema kwa Kiswahili, ili nisikie. "Mwalimu, wewe ni mtu wa namna gani? Tulitembea mpaka Sekei na jua lile! Miguu ya Koko ilivimba siku mbili! Na wewe unamwambia cheka! Unatugawia soda, unasimama na simu, hukai! Ulikuwa na haraka ya kwenda wapi? Hebu niambie, ulifika?"

"Sikufika," nilimjibu.

"Haya." Alichota kahawa kwa viganja viwili, akaimwaga kwenye ungo wangu. "Chambua. Na hiyo ya juu ina tundu, kabla hujasema hukuiona."

Mkwe wa Koko alianza kucheka huku analia, kisha sote. Kwa majuma yote yale walikuwa wakinistahi kama mgeni. Siku ile niligombezwa kama mtu wa pale, na kugombezwa huko ndiko kulikoniponya.

Leo tunauza tena, kidogo. Pakiti haina uso wa mtu. Wanawake wenyewe ndio walioweka masharti, nami niliyaandika tu: anayetaka kuuza kahawa yetu dukani kwake, kwanza aje aketi Jumatano moja na kuchambua pamoja nasi. Wengi hawaji. Wanaokuja hurudi, na baadhi yao sasa tunajua watoto wao wanasoma wapi.

Lakini nisiwadanganye kwamba yote yamepona. Karibu na nguzo ya baraza lile kuna mahali ambapo hakuna anayeketi. Pakiti moja ya zamani ninayo nyumbani, na siwezi kuitazama kwa muda mrefu, kwa kuwa najua nilikuwa nimesimama upande gani wa kamera. Waliobaki wote wamenisamehe. Yule ambaye ningetaka anisamehe kwa kinywa chake alikwenda akidhani naumwa.

Nawashukuru wanawake wa baraza, walioniacha niketi kabla hawajaweza kunipenda tena. Naishukuru familia iliyoniruhusu nisimulie haya. Kwa ninyi mnaojenga majina ya biashara zenu, nina neno moja tu. Mkiandika kwenye pakiti kwamba ninyi ni majirani, hakikisheni kuna mtu mtaani anayeweza kuwagombeza.

Chai iko tayari nyuma ya ukumbi. Kahawa ipo pia, na walioichemsha ni wao. Wale pale, wameketi safu ya mwisho. Nendeni mkawasalimu. Msianze na habari za kahawa. Waulizeni habari za nyumbani, kisha msiondoke mpaka wawajibu.