Mzee Dedan Mbugua na Kuni za Shamba Namba Saba

Usiku wa tarehe 12 Mei 1948 mti ulianguka nyuma ya kambi ya wafanyakazi wa msitu, kule juu ya Limuru, na kabla kishindo hakijatulia, Mzee Dedan Mbugua alikuwa amezaliwa. Alisoma katika shule ya kambi hadi darasa la nne, mwaka 1960, kisha akashika panga kama babake, akikata mikaratusi ya kuni za viwandani, akiacha kila kisiki na machipukizi mawili yaliyo imara, ili baada ya miaka minane msitu ukatwe tena.

Alifunga ndoa na Wacuka tarehe 6 Desemba 1969. Kifungua mimba wao, msichana, alizaliwa Oktoba 1970, akafa kwa surua kabla ya kutimiza mwaka, na kwa kuwa watu wa kambi hawakuwa na ardhi, walimzika kati ya miche ya shamba namba saba, babake akapanda mkaratusi upande wa kichwa.

Mwaka 1974 walihamia Mukuru, baadaye Kayole, naye akaajiriwa kuchochea boila ya kiwanda cha sabuni, Eneo la Viwanda. Huku ndiko walikozaliwa Muriuki na Shiku. Asubuhi moja ya Agosti 1980, Opicho, dereva wa lori la kuni, alimwambia akicheka, "Mzee, leo namba saba yote ni yako, hatujabakisha hata fito." Opicho hakujua kaburi lililokuwa humo. Mzee aliulisha moto kuni zile hadi jioni, kwa sababu zamu ilikuwa yake. Jumapili alipanda Limuru, akakuta visiki vyote vinafanana.

Tangu hapo alikataza jina la mtoto lisitajwe, na mtaa ukamwita Baba Muriuki.

Mapafu yalianza kumsumbua mwaka 2019. Wodini, kila jioni, mama yetu, Wacuka, alimuuliza, "Nikienda mimi, nani atamkumbuka mtoto wetu wa kwanza?" naye akageukia ukuta, hadi Jumanne, tarehe 4 Machi 2025, alipojibu, "Basi siku ya kunizika, lisomeni jina lake pamoja na ya wenzake." Alfajiri akatutoka.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Kayole waliotupikia wiki nzima, na wenzake wa boila, hasa Mzee Opicho, ambaye familia haimlaumu kwa lolote.

Pumzika kwa amani, Baba Wangeci.