Sura ya Tisa ya Yona Mukhisa

Tumekusanyika hapa Matulo kumsindikiza Yona Mukhisa Walubengo, karani wa reli na mwandishi wa hadithi, ambaye leo, kwa mara ya kwanza, amefika mahali kabla ya wenzake.

Yona alizaliwa hapa hapa Matulo tarehe 14 Machi 1911, mtoto wa tatu wa Mzee Walubengo na Mama Nekoye. Tarehe hiyo aliichagua mwenyewe ukubwani, baada ya kuifikiria kwa muda mrefu, kwa sababu waliokuwepo walikumbuka tu kwamba wimbi lilikuwa limepandwa na kwamba mkunga alichoka kungoja akarudi kwake kupika. Alipoitwa tena alimkuta mtoto amelala kando ya mamake, ametulia, kama mtu ambaye hakuambiwa kwamba anangojwa.

Alisoma shule ya misheni kuanzia 1922 hadi 1929. Mwalimu wake, Daud, aliwahi kuwaambia wanafunzi waandike habari za safari. Kengele ilipolia wengine walikuwa wameshafika Kisumu na kurudi. Yona alikuwa bado anaeleza jinsi umande ulivyokaa kwenye majani karibu na mlango wa mamake.

"Mukhisa, safari iko wapi?"

"Bado sijatoka, mwalimu. Kuna ukungu."

Mwalimu alimpiga fimbo, lakini karatasi ile alienda nayo nyumbani akaisoma tena. Mnamo Agosti 1926 Yona alitahiriwa pamoja na Wekoye wa Mabanga, na tangu hapo wakawa rika moja, yaani watu wenye ruhusa ya kutukanana maisha yao yote bila kulipa faini.

Mwaka 1931 aliajiriwa karani wa mizigo katika stesheni ya Kitale. Kazini hakuwahi kuchelewesha gunia la mtu. Uchelewaji wake wote aliuwekea hadithi. Asubuhi, kabla gari la moshi halijapiga honi, alisimama kwenye jukwaa akiutazama Mlima Elgon ukijitoa kwenye ukungu, kwanza bega, kisha kichwa, na siku nyingine haukujitoa kabisa. Alisema hajaona sababu ya kuandika kwa kasi kuliko mlima ule unavyoamka. Wakubwa wake hawakuombwa maoni.

Alimwoa Agneta Nakhungu tarehe 7 Desemba 1935. Agneta husimulia kwamba alikubali kabla ya kuulizwa, wasije wakazeeka wote wawili barabarani. Ni yeye aliyekuwa mizani ya kazi ya mumewe. Yona hakuandika sentensi kabla ya kumtamkia mkewe akiwa anapepeta wimbi. Ungo ukiendelea kucheza, sentensi inatupwa. Ungo ukisimama, anaenda kuiandika. Kuna majuma ungo haukusimama hata kidogo, na Yona hakulalamika. Alisema wimbi angalau limetoka safi.

Kitabu chake kimoja, alichokianza 1938, kilihusu mzee anayeshuka kutoka mlimani kwenda kupatana na nduguye. Katika sura ya tisa mzee huyo angezama kwenye mto Nzoia, nduguye akimngoja ng'ambo. Hadithi nzima ilikuwa inateremka kuelekea maji hayo. Mzee hakuwa na jina bado. Basi mwaka 1944 habari zikafika kwamba Wekoye ameuawa vitani Burma. Watu wa Mabanga walilia, wakanyoa nywele, wakakaa matanga. Kwetu jina la aliyekufa hupewa mtoto lisipotee, lakini mwaka huo Agneta hakuwa na mimba, kwa hivyo Yona akampa mzee wa kitabuni.

Aprili 1946 Wekoye aliteremka kwenye gari la moshi pale Kitale na sanduku lake la mbao.

"Walikuambia nilikufa?"

"Walisema."

"Ukalia?"

"Nililia. Kisha nikakupa jina. Uko kwenye kitabu."

Wekoye alifurahi sana, mpaka alipouliza anafanya nini humo.

"Unatembea," Yona alisema. "Halafu unazama."

"Lini?"

"Sura ya tisa."

"Na umefika ya ngapi?"

"Ya sita."

Wekoye akaketi juu ya sanduku. "Wajapani wameshindwa nami, halafu nije nimalizwe na karani wa magunia, bana?"

Wazee waliposikia walikubaliana naye. Kumzika mtu kwa maneno naye bado anakula ugali, na jina ni lake, hilo lilikuwa ni kumchimbia kaburi. Agneta, aliyetaka sana kuona kitabu kimekwisha, alisema, "Si umwite tu Kipkoech?" Yona alijaribu msimu mzima. Mzee akanyamaza kwenye karatasi kama mgeni asiyekaribishwa. Aliporudishiwa jina lake, akaanza tena kukohoa na kulalamika juu ya magoti.

Kwa hivyo Yona aliendelea kuandika, lakini kuelekea pembeni. Sura ya nane ikawa ndefu kuliko nyingine zote pamoja. Mzee alipita harusi za watu asiowajua, alilala kwenye mashamba ya alizeti, alisimama asubuhi nzima kutazama mvua ikivuka bonde bila kumfikia. Wachache waliosikia sura hiyo wanasema ndiyo bora. Wengine walilala, na walipoamka mzee alikuwa palepale.

Mwaka 1951 Bwana Kinyua, wa ofisi moja ya vitabu huko Nairobi, alifika Kitale. Alizisoma kurasa akasema wako tayari kuchapa, mradi kitabu kiishe mwaka huo.

"Itategemea afya ya Wekoye," Yona alimwambia.

"Ndiye mhariri wako?"

"Hapana. Ndiye marehemu."

Bwana Kinyua alirudi Nairobi. Agneta aliutundika ungo ukutani kwa siku kadhaa, naye Yona hakuandika, kwa kuwa hakuna aliyepepeta.

Mwaka 1955 alipatwa na ugonjwa wa kifua akaacha kazi, wakarudi Matulo. Alitibiwa Bungoma mara kwa mara. Mwishoni mwa 1956 Wekoye alikuja kwa baiskeli kutoka Mabanga, akaketi kando ya kitanda.

"Nimekuja kukufungulia. Niue."

"Unaumwa?"

"Mimi ni mzima. Wewe ndiye unaondoka, na kitabu kikibaki hivyo, watasema ni Wekoye alikiziba."

"Umemwambia mke wako?"

"Amesema sawa, ila iwe baada ya mavuno."

Yona alicheka mpaka kikohozi kikamshika. Januari alianza sura ya tisa. Siku njema alipata sentensi moja, na Wekoye alikuwa akija kusikia amefika wapi. Mnamo Mei mzee alifika Nzoia. Asubuhi ya Jumapili, tarehe 9 Juni 1957, Agneta alimuuliza mumewe kama leo ndiyo siku yenyewe.

"Bado," alisema. "Maji hayajapanda."

Alifariki kabla ukungu haujaondoka. Wekoye alipoulizwa kama mtu mwingine amalizie, alizisoma kurasa za mwisho mara mbili akasema, "Wachana nazo. Amenifikisha mahali pazuri." Kitabu kitapelekwa Nairobi kilivyo.

Marehemu ameacha mjane wake Agneta, watoto wake Nekoye, Daud na Khisa, na Wekoye wawili. Mmoja ameketi hapa mbele. Mwingine yuko ukingoni mwa Nzoia, juu ya jiwe, anayatazama maji, na hakuna tena wa kumwinua.

Mungu amlaze Yona pema, wala asimharakishe.